Soda Nne na Bonde la Kilongo

Uvumi ulianzia kwa Mama Kidawa, muuza vitumbua wa mtaani kwetu. Alinifungia vitumbua vyangu kwenye gazeti, kisha akaniinamia sikioni.

"Mama Semeni, ile karatasi tuliyoandika majina siku ya mkutano, unajua ilikuwa ya nini?"

"Ya soda," nikasema.

"Ya soda, ehe. Basi wenye mradi wameipeleka ofisini. Juu wameandika: wananchi waliokubali."

Nikamwambia aache maneno ya watu. Lakini uvumi ule ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikila upo, nikimeza mate upo. Siku ile ya mkutano tuliitwa uwanja wa shule kusikiliza habari za nyumba mia mbili zitakazojengwa bondeni Kilongo, pale penye msitu wa mbega na komba, na kile kijito tunachofulia. Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Jina moja, soda moja. Mimi niliandika majina manne: langu na ya wanangu watatu, Semeni, Zuhura na Shomari, ambaye ana miezi minane na hana hata jino.

Jana majirani wanaoupinga mradi walipita nyumba kwa nyumba kutangaza. Leo saa nne asubuhi ndiyo mwisho wa pingamizi. Anayetaka kufuta jina aende mwenyewe ofisi ya mtaa, lisomwe mbele ya watu, alikate kwa mkono wake. Mimi nikaapa siendi. Hebu fikiria wasome "Shomari", halafu watu wageuke kunitazama!

Nikalala na aibu yangu, na usiku wa kuamkia leo nikaota hivi.

Ni mchana, nimekaa sebuleni nachambua mchele. Hodi inapigwa. Nafungua, nakikuta kijito cha Kilongo kimesimama mlangoni na godoro kichwani.

"Karibu," nasema. Ningesema nini? Mgeni ni mgeni.

Kinaingia, kinatua godoro, kinakaa kwenye kochi juu ya vitambaa nilivyofuma mwenyewe. Maji yanachuruzika mpaka mkekani.

"Samahani, Mama Semeni," kinasema. "Wameniambia sheria inataka mita sitini kati ya mto na nyumba. Wamechimbia mawe ya mipaka kulia kwangu, nikasogea mita sitini. Wakachimbia kushoto, nikasogea. Wakachimbia na mbele. Nimepima vizuri, hapa kwenye kochi lako ndipo zinapotimia."

"Si nyumba ndizo zinazotakiwa zisogee?"

"Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini nyumba zina majina ya watu mia mbili na kumi. Mimi sina hata moja."

Nikaona mazungumzo yanaelekea kubaya. "Nikuwekee chai?"

"Chai yenyewe ni mimi, dada. Usijisumbue."

Nainuka kwenda kutafuta tambara la kudekia. Navuta pazia la chumbani, na nyuma ya pazia hakuna chumba, ni uwanja wa shule. Mabenchi yamejaa. Mbega wamekaa mstari wa mbele na mabega yao meupe, kama wazee wa baraza. Komba ndiye karani. Watu husema komba ni mlevi wa tembo la mnazi, lakini huyu hajanywa, ameshika karatasi yetu, na yale macho yake hayahitaji miwani.

"Semeni!" anaita.

Kimya. Semeni wangu yuko darasa la nne, bila shaka alikuwa kwenye hesabu.

"Zuhura!"

Kimya.

"Shomari!"

"Nipo," inajibu sauti nzito. Mwanangu anasimama benchi la nyuma. Amevaa koti na tai, na chini amevaa nepi.

"Uliridhia nyumba zijengwe bondeni?" komba anamuuliza.

"Niliridhia, mheshimiwa. Kwa akili zangu timamu."

"Shomari!" napiga kelele. "Kaa chini! Wewe hata meno huna!"

Ananitazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mama yake asiyejua mambo ya dunia. "Kuridhia hakuhitaji meno, mama. Kukataa ndiko kunakohitaji."

Mbega wanapiga makofi. Mmoja anamwambia mwenzake, "Kalelewa vizuri, mtoto huyu."

Hapo mabenchi yanapisha njia, na kakakuona anaingia taratibu, magamba yakigongana kama vijiko. Sisi kwetu kakakuona akionekana, wazee humweka katikati ya watu. Mbele yake hutandaza maji, nafaka na panga, wakaangalia ataendea kipi. Akienda kwenye maji, mvua itakuwa nzuri. Akienda kwenye nafaka, shibe. Akienda kwenye panga, kila mtu afunge mlango wake. Nami, kwa kuwa najua heshima, nikavua kanga ya pili nimtandikie.

"Usinitandikie mimi," anasema. "Kaa wewe. Mwaka huu tunaangalia kwako."

Nikakaa. Nani anabishana na kakakuona?

Wanyama wananizunguka. Wakaweka mbele yangu bakuli la maji. Wakaweka ungo wa mtama. Wakaweka panga. Halafu komba, bila haraka, akaweka chupa ya soda ya chungwa, baridi, inatoka jasho.

Naapa nilitaka maji. Moyo wangu wote ulikuwa kwenye bakuli. Lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe, ukapita juu ya maji, ukapita juu ya mtama, ukaishika chupa shingoni.

Uwanja mzima ukashusha pumzi.

"Mwaka mbaya," kakakuona akasema, na komba akaandika.

"Jamani, nilikuwa na kiu!" nikalia. "Siku ile jua lilikuwa kali, watoto wanalia, ningefanyaje?"

Kijito kilikuwa kimesimama nyuma yangu, na vitambaa vyangu bado vimekinatia mgongoni. Kikasema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ulikuwa na kiu, na mimi nilikuwa nyuma ya shule. Hatua arobaini."

Nikaomba nijaribu tena. Wakatandaza upya. Nikaunyoosha mkono kuelekea bakuli, mkono ukakataa. Chupa ikanitazama ikasema, "Usihangaike, mama. Mimi nilishafunguliwa."

"Sasa nifanyeje?" nikamuuliza kakakuona.

"Jina hufutwa na aliyeliandika," akasema. Akajikunja akawa mpira. "Saa nne," ikasema sauti kutoka ndani ya mpira. "Na uje na shahidi."

"Shahidi gani?"

Shomari akanijia huku akirekebisha tai. Akanishika mkono kwa heshima, kisha akaniuma.

Nikaamka kwa ukelele. Kulikuwa kumekucha. Shomari alikuwa kifuani ananyonya, nami naona nyota. Nikamfungua mdomo nikapitisha kidole kwenye ufizi. Jino. La chini, kama inavyotakiwa, dogo kama punje ya mtama. Jana jioni halikuwepo. Nilimwosha mdomo mwenyewe.

Naye akanitazama. Sipendi kusema alinitazamaje.

Kwa hiyo nawaandikia kina mama wenzangu, mimi niliyeishia darasa la saba, nikijua leo ni kwetu na kesho ni kwenu. Epukeni haya:

Kuandika jina kwenye karatasi ambayo juu yake hapana maneno.

Kumwandikia mtu ambaye bado hajajua kusema.

Kusikia "andika tu, ni mahudhurio" ukaandika.

Kwenda mkutanoni bila maji yako. Chota ya kijito, kama bado unacho.

Kumcheka muuza vitumbua akikwambia jambo.

Kukaa nyumbani kwa sababu ya aibu. Aibu ya nusu saa inaisha, lakini msitu ukishakatwa umekatwa.

Sasa ni saa tatu na nusu. Nimeshamfunga Shomari, shahidi wangu, mgongoni. Wakilisoma jina lake nitamgeuza mbele, nimfungue mdomo, waone.