Walioshiba Ndani ya Mshipa

Baba alikuwa ameacha dawa za kupunguza mafuta kwenye damu kwa sababu kifua hakimbani tena. Alipokuja kutoka Mawengi, nilimwingiza katika maabara yetu hapa Njombe, nikamwekea kwenye hadubini kipande cha mshipa wa moyo, cha kufundishia.

"Hivi vilivyojaa povu ni nini, Devotha?"

"Ni chembe nyeupe za damu, baba, askari wa mwili. Waliingia kwenye ukuta wa mshipa kula mafuta, wakashiba mno, wakafia humo. Ndivyo njia inavyoziba."



"Kama majirani wanaoitwa kulima kwa pombe ya ulanzi," alinong'ona. "Wanakuja kusaidia, wanakunywa, wanalala njiani. Mungu wangu! Na wengine bado wanakuja?"

"Kila siku, baba."

Alinyoosha mkono, jicho likiwa bado kwenye hadubini. "Lete hizo dawa. Nisiwazidishie chakula."