Maua ya Kabla ya Saa Sita

Mume wangu ni mfyekaji wa barabara za mji, mimi ni fundi cherehani. Wote wawili riziki yetu ni kukata. Tofauti ni kwamba mimi hupima kwanza.

Cherehani yangu iko barazani, inatazama barabara. Kati ya ukuta wetu na lami kuna kipande cha ardhi, hatua arobaini kwa urefu na mbili kwa upana, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa jalala la mtaa mzima. Vipande vya matofali, chupa, mifuko, viatu. Viatu vyenyewe vya mguu mmoja mmoja. Sikupata kuona jozi hata siku moja.

Miaka mitatu iliyopita nilipeleka sare za shule moja iliyo nje ya mji, asubuhi mapema, na kando ya barabara ya kwenda machimbo ya kokoto nikaona maua ya bluu. Sikuwahi kukutana na bluu ile hata kwenye duka la vitambaa, na mimi madukani humo nimezeeka. Yalikuwa yameota kwenye kokoto na vumbi, hayana mwenyewe wala wa kuyamwagilia, na wala hayaonekani kujali. Mama aliyekuwa akiuza chai pale akaniambia mmea huo ni chikori. Majani yake ni machungu lakini yanaliwa, na mzizi ukikaushwa, ukakaangwa na kusagwa, watu huuchanganya na kahawa, au huunywa peke yake kahawa ikiadimika.

Nikang'oa mche mmoja papo hapo, kwa pupa. Kumbe mzizi wa chikori unazama moja kwa moja ardhini kama msumari. Nusu ilibaki kule kule, na nusu niliyobeba haikumaliza wiki. Niliporudi mara ya pili nilichukua mbegu. Nyingine nilizipanda kwenye tuta nyuma ya nyumba kwa ajili ya majani, na nyingine nikazimwaga kule jalalani, baada ya kuzoa takataka mikokoteni sita kwa mikono yangu hii.

Mwaka wa kwanza yalitoka majani tu, yamelala chini, yamejitandaza. Mume wangu akayatazama kwa jicho la kazi.

"Mama watoto, hilo ni gugu."

"Subiri."

"Mimi nafyeka miaka kumi na tisa. Gugu nalijua."

"Nimesema subiri!"

Mwaka wa pili mashina yakapanda mpaka kiunoni, magumu, matawi yamejipinda ovyo ovyo, halafu asubuhi moja nikatoka na ufagio nikakuta maua. Nilipiga kelele peke yangu barazani kama mwehu.

Sasa ua la chikori lina tabia yake. Huchanua jua likitoka, na ikifika saa sita linafumba, na likishafumba ndiyo basi. Kesho yanachanua mengine. Mume wangu naye hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tisa mchana. Ana siku moja ya mapumziko kwa wiki. Ya kwanza baada ya maua kuanza, alilala mpaka jua la utosi. Ya pili alikwenda kumwona mama yake. Ya tatu mgongo ulimuuma, na mimi roho yangu si ya chuma, nikamwacha alale. Kwa hiyo kwa wiki tatu nzima nilikuwa na mume anayepita kila siku mbele ya mamia ya maua bila kuona hata moja.

Nilimkatia moja nikaliweka kwenye glasi ya maji. Aliporudi lilikuwa limesinyaa. Nikalipiga picha, lakini kamera ya simu yangu ina ufa, ikatoka kitu kama shati la bluu lililoanikwa mbali.

"Zuri," akasema, kwa sauti ile ya kumtuliza mgonjwa.

Wiki ya nne akarudi kutoka kazini amenywea. Kumetoka amri: kando zote za barabara za mtaa wetu zifyekwe, kisha zipigwe dawa ya kuua magugu. Zitakazoachwa ni bustani za maua zinazotunzwa na wakazi, tena mkuu wa kazi azione kwa macho yake mwenyewe.

Kufyekwa kusingenitisha sana, kwa sababu chikori ikikatwa huchipua tena. Lakini dawa inashuka mpaka mzizini. Nikaona lile jalala limesharudi, na viatu vyake.

"Usijali," mume wangu akaniambia. "Nitamleta mkuu mwenyewe aje aone."

Nikamkumbatia pale pale, na jasho lake lote. Kesho yake akaja anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Nimempanga vizuri. Anakuja kesho saa nane mchana."

"Saa ngapi?"

"Saa nane. Mkuu namjua mimi. Kabla hajala hata salamu haitikii, lakini akishashiba hana neno na mtu."

Mori ulinipanda. "Saa nane maua yamefumba!"

"Mama watoto, ua ni ua. Litafumba kidogo tu, ataliona."

"Yanafumba yote! Kabisa! Nimekuambia mara ngapi?"

Akakuna kichwa. "Nilidhani unatia chumvi."

Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na mtu anadhani natia chumvi kwenye ua. Nilimwambia arudi akabadilishe saa. Akasema mkuu hapangiwi saa mara mbili, na katika hilo alikuwa anasema kweli.

Siku ya mkuu kuja sikushona kitu. Nilikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni niliyopewa nipinde kingo, na ilipofika saa nne nikapata wazo. Nikachomeka vijiti, nikayatandaza mashuka juu ya maua ili kuwe na kivuli, labda yatadhani bado ni mapema. Mpaka saa saba nilikuwa nachungulia chini ya shuka kila baada ya dakika tano. Hayakudanganyika. Moja baada ya jingine, yalifumba mbele ya macho yangu.

Mkuu alifika saa nane kamili, ameshiba, mpole, kijiti cha meno mdomoni. Ni mtu mzito, mwenye kofia, na ubao wa kuandikia kwapani. Mume wangu alikuwa nyuma yake, tai imemkaba. Ndiyo, alivaa tai.

"Shemeji, mmeanika?" mkuu akauliza.

Nikayatoa mashuka. Yakabaki mashina marefu ya kijani, yamekonda, yamejipinda, na kila penye ua pana kitu kilichokunjamana. Hata mimi mwenyewe niliona magugu.

"Maua yako wapi?"

"Yamefumba, mkuu."

"Yatafumbua lini?"

"Kesho asubuhi."

Mume wangu akachukua simu yangu barazani mbio mbio akamwonyesha picha. Mkuu akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza juu chini.

"Hili shati la nani?"

Hakuwa mtu mbaya. Alinitazama kwa huruma, kisha akaandika neno moja ubaoni: magugu. "Shemeji, ungekuwa mkazi mwingine labda ningefumba jicho. Lakini hapa ni kwa mfanyakazi wangu. Watu watasema tunapendeleana." Akamgeukia mume wangu. "Kesho muanzie hapa hapa, saa moja na nusu. Fyeka, dawa, mnasonga mbele."

Jioni nilimpa mume wangu kisogo. Alizunguka upande ule, nikageukia upande huu.

"Nitayafyeka mimi mwenyewe," akasema. "Sitaki mtu mwingine ayaguse."

"Asante sana," nikamjibu, na wote tulijua haikuwa asante. Niliumia, sioni haya kulisema. Kilichoniuma zaidi ya amri ni kwamba alikuwa anakwenda kuua kitu ambacho hakuwahi kukiona, na alikuwa ananihurumia kama mtu aliyependa magugu.

Asubuhi akatoka alfajiri kama kawaida kwenda kuchukua vifaa. Mimi nikakaa kwenye cherehani nikiwa nimeapa sitainua macho. Nikasikia lori linasimama. Nikasikia Bomba, mwenzake anayebeba pampu ya dawa mgongoni, akisema, "Duh!" Mashine ya kufyekea ikawashwa, ikanguruma. Nikakanyaga cherehani yangu kwa nguvu zote ili nisiisikie, nikashona mkono wa blauzi ya mteja ukaziba kabisa.

Halafu mashine ikazimwa.

Nikainua macho. Kiapo kilinishinda. Mume wangu alikuwa amesimama mwanzo wa kile kipande, kinga ya uso ameipandisha juu, mashine inaning'inia begani. Mbele yake yalikuwa maua hatua arobaini, yote yamechanua, na nyuki wameshaanza kazi kabla yake. Hakusogea. Nilisimama nikashika nguzo ya baraza.

"Vipi, tunaanza?" Bomba akauliza.

"Tunaanza nini?"

"Kazi."

"Hapa hakuna kazi." Akatoa simu, akampigia mkuu, na mtu huyu ambaye hajawahi kumjibu mkuu zaidi ya ndiyo, nilimsikia anasema: "Mkuu, sifyeki. Njoo uone. Hapana, si saa nane. Sasa hivi. Ndiyo, kabla ya chai!"

Akazima simu, akashusha mashine chini, akakaa ukingoni mwa barabara. Nilijua anaogopa, maana kazi nyingine haijui. Nikatamani kwenda kumshika mkono, lakini Bomba alikuwa anatazama.

Mkuu alifika saa tatu kasoro, tumbo tupu, uso umekunjwa. Hakuitikia salamu ya mtu. Akafungua mdomo agombe, akaona. Akatembea kile kipande chote mpaka mwisho, taratibu, akarudi, kofia iko mkononi. Kisha akachukua ubao wake.

"Nani ameandika magugu hapa?"

"Wewe, mkuu," Bomba akasema.

"Basi nilikuwa nimeshiba." Akakata neno lile mistari miwili, akaandika juu yake: bustani. Akamwagiza Bomba achomeke vigingi vyeupe huku na huku, asije mfyekaji mwingine akakosea, kisha akapanda gari lake kwenda kutafuta chai.

Bomba akaenda kwenye lori kutafuta vigingi. Mume wangu akabaki amechuchumaa mbele ya maua. Nikashuka barazani nikachuchumaa kando yake. Alikuwa ameshika ua moja kwa vidole viwili, vidole vinene vya mtu wa mashine, wala hakulichuma.

"Mama watoto."

"Naam."

"Wiki tatu zote yalikuwa hivi?"

"Hivi hivi."

"Kila siku?"

"Kila siku, mpaka saa sita."

Alipogeuka kunitazama, macho yake yalikuwa na maji.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo refu, la mita kumi na zaidi, na ulimi umeshakaa tayari. Nikamtazama, nikalimeza lote.

"Nisamehe, mume wangu," nikasema.

Naye akanisamehe, bila hata kuona haya.