Neno Lililobaki Getini

Tangu asubuhi Mwalimu Nakhumicha alikuwa hatulii. Alifagia ua mara mbili, akachungulia barabarani, akarudi kupuliza jiko ambalo wala halikuwa limezimika. Miaka themanini na miwili, magoti yanalia, lakini nani angethubutu kumwambia aketi? Lornah, bintiye wa pekee, alikuwa anakuja kutoka Awasi, na leo mama alikuwa ameapa kumwomba jambo moja tu: amwite Mama.

Usicheke. Kisumu nzima ilimwita hivyo. Dorca anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kule ufukweni Dunga humwita Mama. Watu wa boda ambao hawajawahi kumwona humwita Mama, "Mama, twende?" Aliyetoka tumboni mwake ndiye peke yake aliyemwita Mwalimu.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na lilimkera kama mwiba wa samaki kooni. Lornah alipoingia darasa la pili, darasa alilofundisha yeye, Nakhumicha alimsimamisha getini akamwambia, "Ukivuka hapa, mimi si mama yako. Mimi ni Mwalimu." Aliogopa wazazi wangesema anapendelea. Mtoto akatii. Shida ni kwamba jioni, walipotoka kwenye geti lile lile kurudi nyumbani, hakuna aliyemwambia kuwa amri imekwisha. Watoto hushika tunachosema, si tulichomaanisha, na mtu aliyefundisha miaka thelathini na minane alipaswa kulijua hilo.

Lornah alifika saa nane, naye sasa ni bibi mwenye mvi zake, akaweka ndizi mezani. "Habari yako, Mwalimu?"

"Keti," alisema mama, yeye akibaki wima. Alipanga vikombe, akavipangua. Mwishowe likamtoka: "Lornah, shule ilishafungwa zamani. Mbona huniiti Mama?"

Lornah alivutavuta ncha ya leso.

"Mwalimu alikuwa akicheka na sisi," alisema. "Alinishika mkono nikiandika. Mama alirudi nyumbani na rundo la madaftari. Hata nywele alinituma kwa Kageha, jirani, anisuke. Mimi nilimpenda Mwalimu. Ndiye niliyebaki naye."

Yaliuma. Nakhumicha alitaka kusema kwamba alikuwa mjane, kwamba madaftari hayo ndiyo yaliyowalisha wote wawili. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa jibu. Miguu yake ikamzungusha chumbani, kisha ikampeleka kabatini, akatoa kitana.

"Shuka chini. Kaa hapa, kati ya magoti yangu."

"Aii, Mwalimu! Na miaka yangu hamsini na tisa?"

"Nimesema kaa."

Akakaa. Nakhumicha naye akaketi, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alianza kumsuka na mistari ikapinda ovyo, Kageha angeicheka. Karibu na sikio alikuta fundo gumu la nywele, akalishika, akavuta.

"Mama yoo!" Lornah akapiga kelele.

Ndicho kilio cha kila anayeumia. Hata yatima hulia hivyo, hata mzee. Nakhumicha alilijua hilo vizuri, na alijua kwamba huenda hakuitwa yeye.

"Niko hapa," aliitikia hata hivyo.