Baba Tusekile, Ongeza

...na tena ananitazama mimi, Danford huyu, tangu achaguliwe mzee wa kanisa hajui kunadi kitu bila kunitazama, jogoo kamshika miguu, kichwa chini, nani anaongeza, anasema, hii ni sadaka ya mavuno ndugu zangu, hatuko sokoni Vwawa, watu wanacheka, na mimi nacheka, nifanyeje, nimevaa suti aliyoniletea mwanangu Tusekile, na ukivaa suti ya Ulaya kwenye mnada wa kanisa hapa Itaka ujue umeshanunua kila kitu, miwa, maboga, mbuzi kilema, vyote vinakusubiri wewe... simu iko mfuko wa ndani wa koti, nikiigusa nasikia moyo wangu unapiga nyuma yake, alisema atapiga tukitoka ibadani, baba unipe neno lako, leo ndio mwisho, wanataka jibu, na mimi neno ninalo moja tu, vumilia, nimelikariri usiku kucha kama mtoto wa kipaimara, vumilia mwanangu, lakini avumilie nini, hata anachovumilia sikijui vizuri, alinieleza kwa Kinyiha akakwama, akahamia Kiswahili akakwama tena, akasema baba ngoja nianze upya, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha lia akanawa uso. Kitu chenyewe kilianzia shambani kwangu, mwaka ule ugonjwa wa chulebuni ulipotuchoma, buni zikawa nyeusi zingali mtini, yeye yuko likizo, anapiga picha tawi moja moja, mke wangu Ketrina anamsema, wenzako wanachuma wewe unapiga picha, kumbe anakusanya vya kufundishia mashine, akarudi nazo huko Ulaya chuoni, yeye na wenzake wakatengeneza jicho, wanaliita hivyo, kidege kisicho na rubani kinapita juu ya shamba na jicho linasema mti ule utaugua, kabla mtu hajaona chochote, wakafungua na kampuni, na alipokuja mwaka juzi kwenye Nanenane kiongozi mmoja akamshika bega, vijana wabunifu kama hawa ndio taifa letu, serikali iko pamoja nanyi, tukapigwa picha, mimi nimo nusu uso...

Mara ya kwanza, anasema Danford... Basi ikatokea kampuni kubwa, ya nchi nyingine kabisa, ikataka kuinunua hiyo kampuni yao, na serikali ya huko anakosoma ikasema ngojeni, tuna sera mpya, teknolojia haichukuliwi na wageni hivi hivi, jicho linaloona ugonjwa wa mti kutoka angani linaweza kuona na mengine, tuchunguze kwanza, na tukiwa tunachunguza mwanafunzi wa kigeni asiliguse, na mwanafunzi wa kigeni ni nani, ni Tusekile wangu, wamemfungia mlango wa maabara, ugonjwa wa kahawa yangu umekuwa siri ya serikali ya watu, nilicheka aliponiambia, akasema baba usicheke, hapo ndipo nikajua mambo yameharibika. Maana haingii maabara basi hasomi, hasomi basi kibali cha kukaa kinakufa, na wale wanunuzi wamemfuata, kwa upole sana, anasema, asaini kwamba jicho si lake, jina lake litoke, hisa aziache, uchunguzi utakwisha haraka na wao watamtafutia kibali cha kazi, abaki akiwa mtumishi wao, ama akatae, afungashe arudi, na jicho watalichukua tu, kwa mlango mwingine. Hapo kuna la kuchagua kweli... Nilikwenda Vwawa Jumatatu, nikamwona kijana wa ofisi ya mkoa, kijana mzuri, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema pole sana mzee wangu, hili si la mkoa, ni mambo ya nchi na nchi, akanisindikiza mpaka mlangoni, na njiani nikatafuta mtu wa kumkasirikia sikumpata, kila mmoja ana adabu, kila mmoja anafuata utaratibu, na mtoto wangu anaisha. Baba Tusekile, ongeza, ananiita Danford, wenye watoto Ulaya mkae kimya nani atanunua, na wamama wanapiga vigelegele, na Ketrina kule upande wao anatabasamu, hajui, nimemwambia ni mambo ya vibali tu. Kabla ya jogoo huyu wamenunua boga la mama Alinanuswe na wamemrudishia akapike, ndivyo tunavyofanya hapa, mtu hana kitu analeta boga lake, unalinunua kwa sauti kubwa halafu unampa mwenyewe, na haoni aibu, mimi mjinga niliposikia kampuni ya mtoto inanunuliwa nilifurahi, nilifikiri kununuliwa ni jambo jema...

Vumilia, nitamwambia, saini, baki. Sauti nimeiandaa, nzito kidogo, ya baba. Na kwa nini abaki? Kwa sababu nina uchungu naye, au kwa sababu akirudi mikono mitupu Danford atamtazama nani... sijui, Mungu wangu, sijui, nina miaka sitini na mwanangu ananiuliza jambo nami nimesimama hapa kama gogo. Mara ya pili, anasema. Na mbona jana kabla ya kukata simu alisema kitu kingine, kidogo, nilikisahau papo hapo, aliuliza, baba, chumba changu siku hizi mmeweka nini? Nami nikachangamka, nikaona afadhali tumetoka kwenye vibali, nikamwambia mwaka huu tumebarikiwa, mahindi yamejaa mpaka chumbani kwako, magunia yamegusa dari, kitanda alichukua kaka yako Hezron alipooa, hata mlango haufunguki wote, nikadhani mtandao umekatika, nikaita haloo, haloo, akasema haya baba, mbarikiwe. Danford bado ameninyooshea jogoo, watu wote wamegeuka, wanangoja, na mimi naishika simu mfukoni, maana ndiyo kwanza naelewa, hayo ya kusaini na hisa aliniuliza kwa heshima tu, anajua siyajui, swali lake lilikuwa lile moja dogo la mwisho. Mtoto wangu aliniuliza kama bado ana pa kulala kwetu, nami nikamjibu hapana, tena kwa sauti ya furaha.