Maneno Mawili kwa Mkwe Wangu

…look after, look after, mwanangu Basili kanifundisha asubuhi, ni maneno mawili, mama, ila yanakwenda pamoja, maana yake kutunza, usiyatenganishe, na mimi Mektrida niliyeongoza kwaya hapa Machame miaka ishirini nimesimama mbele ya mlango wa chumba, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, bakuli la mtori wa ndizi linaniunguza vidole, naogopa kubisha… I look after you, Mutinta… naisikia zipu ya begi, anafungasha kweli, na mtoto ana wiki tatu tu, Basili ameshashuka Moshi kumtafutia chumba hotelini, mama, mke wangu analia, anasema humtaki… eti simtaki! ni ule ufagio, najua, nilimpokonya ufagio mkononi, nikamtoa jikoni, nikamwonyesha kitanda kwa kidole, huku mzazi hagusi kazi miezi mitatu, anakula, analala, ananenepa, watu wakimwona wanajua ana mama mkwe, lakini yeye wa Zambia angejuaje, Kiswahili hajui, kaona bibi kizee anamfukuza kama kuku… "Mama? Is that you?" amesikia ndala zangu, ngoja kwanza, mwanangu, nayapanga maneno… kumbe hata mimi nililia, nilipojifungua Basili, mimi binti wa Kinyaturu kutoka kambi za miwa kule chini, mama mkwe akaninyang'anya jembe bila neno, nikadhani ananidharau kwa kuwa si Mchagga, nikalia nimegeukia ukutani, nikaja kuelewa nikiwa tayari na watoto watatu, naye ameshazikwa pale mgombani, sikumshukuru… na Kiswahili tulikuwa nacho sote wawili! basi usisingizie Kiingereza, Mektrida, ulikuwa nayo mikono, ulikuwa na uso, ungemtabasamia hata mara moja wakati unauchukua huo ufagio… halafu nikataka haya maneno yamzuie asiondoke, nimfunge nayo kama mbuzi, aibu gani hii… akitaka kwenda aende, hoteli ina maji ya moto, nitashuka na chupa ya mtori kila siku, nitayasema hata kama begi liko mlangoni, asije akakaa miaka kumi akidhani hakutakiwa… "Mama?" sauti imechoka, maskini… I look after you, hapa, Moshi, hata huko kwenu Zambia, I look after you… nampenda huyu mtoto wa watu, Mungu wangu, sikujua kwamba nampenda hivi…