Wewe na Dawa, Wote Mko Njiani

Vumbi la shamba letu linaelea kwenye mwanga wa dirisha la maabara. Nimelichekecha mimi, na sasa linatua kwenye nyusi zangu, taratibu, taratibu.

Mwanangu, mtoto wa dada yangu, wewe ambaye bado hujazaliwa: naongea nawe kwa kuwa hunitazami. Macho ya watu hunifunga ulimi. Nyumbani wananiita Kimya.

Kazi yangu ni kuanika udongo na kuuchekecha. Mtaalamu huupima, kisha huilisha kompyuta: mchanga kiasi gani, mvua kiasi gani, na dawa ya wadudu ambayo babu yako hupulizia kabichi. Siku moja kioo cha kompyuta kilituonyesha shamba letu limekatwa kama mkate. Juu, wekundu wa dawa. Chini kabisa, buluu: maji ya kisima chetu.

Wekundu ukashuka, taratibu, taratibu, kama chai inavyozama kwenye mkate. Ukagusa buluu.

Na wewe nilikuona kwenye kioo, kule kliniki, umekunja ngumi, mama yako anacheka huku analia. Basi niliamini. Kioo kinaona ndani ya tumbo, kinaona ndani ya ardhi. Nikatupa chekeche, nikakimbilia nyumbani. Mama yako alikuwa ameinua kikombe cha maji, nikakipiga kikaruka.

"We Kimya! Umeingiwa na nini?"

Nililia tu.

Kesho yake mtaalamu alinisikiliza, wala hakunicheka. "Mdogo wangu, ile si picha. Ni hesabu. Kisima tumekipima, ni salama. Kompyuta inasema yatakayokuja, mzee akiendelea kupuliza hivi mvua ikiwa karibu."

"Kwa hiyo dawa haijafika?"

"Haijafika. Iko njiani."

Iko njiani. Kama wewe. Nawe pia unakuja, gizani, bila sauti, na mimi nimewaona wote wawili.

Jioni nikamkuta babu yako anajitwika bomba la kupulizia dawa mgongoni. Nikasimama mbele yake.

"Baba, usipulize."

"Ehee! Kimya leo ana mdomo!"

"Mvua itaishusha kisimani."

"Mwanangu, hii ni dawa. Dawa inaponya."

"Inaponya kabichi, baba. Mtoto si kabichi."

Akacheka. Kisha akamwona mama yako akivuta maji, tumbo lake limeegemea ukingo wa kisima, na kicheko kikamwishia mdomoni. Akalitua bomba chini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Haya. Hiyo kompyuta yako inataka nifanye nini?"

"Usubiri mvua ipite, baba. Na upunguze."

Leo mtaalamu amerudia hesabu, kwa dawa kidogo na baada ya mvua. Wekundu umeshuka, ukapauka, ukapauka tena, udongo ukaumeza kabla haujafika chini. Buluu imebaki buluu.

Njoo, mwanangu. Njoo taratibu. Mama yako mdogo yupo dirishani, kwenye mwanga, na vumbi hili la nyusini sijalifuta: ni udongo uleule unaokuchujia maji.