Buti za Mwalimu wa Jiografia

Mke wangu alinipa sharti mwanzoni mwa kiangazi, tukiwa mezani, bila kupandisha sauti. Alisema mwaka huu tunakwenda kwenye maziwa ya milimani, siku tatu, yeye na mimi, kama tulivyokuwa tunapanga kwa miaka sita. Nikiahirisha tena, atakwenda peke yake, na akishuka kutoka huko atapitiliza kwa dada yake na kuhamia huko moja kwa moja.

"Sikutishi, Fundi," alisema. "Nakuarifu tu, usije ukasema hukuambiwa."

Mimi ni fundi viatu na mtaa mzima unaniita Fundi, na yeye alianza kuniita hivyo zamani kwa utani, mpaka utani ukageuka jina. Mimi namwita Mwalimu. Amefundisha jiografia miaka ishirini na minane katika shule ile ile. Amewaeleza watoto wa watu jinsi barafu ya kale ilivyochimba mabonde ya milimani na kuacha maziwa, na ziwa lenyewe hajaliona hata kwa mbali.

Kosa ni langu, sikatai. Mwaka wa kwanza wazima moto waliniletea buti zao zote kwa mpigo. Mwaka wa pili palikuwa na harusi mbili, na bibi harusi mmoja alikuwa na miguu isiyolingana. Halafu likaja kundi la wacheza ngoma, halafu nikaumwa mgongo. Mwaka wa tano sikuwa na sababu yoyote. Nilisema tu kwamba kazi zimenizidi, naye akaikunja ramani akairudisha kabatini. Na msiniambie kwamba napenda viatu kuliko mke wangu. Hilo nimeshaambiwa na dada yangu mkubwa, na yeye anatosha.

Basi mwaka huu nilipiga moyo konde. Nilibandika karatasi mlangoni pa karakana kwamba nitafunga wiki nzima, na wateja walionuna niliwaacha wanune. Mwalimu akaitandaza ramani juu ya meza ya chakula, na kwa wiki tano tukawa tunakula pembezoni, sahani zikining'inia nusu. Alichora njia kwa penseli. Siku ya kwanza, basi mpaka kijiji cha chini, kisha mwendo wa saa nne kwa miguu mpaka ziwa la kwanza, tulale kwenye banda la wasafiri. Siku ya pili, kupanda mpaka ziwa la juu. Siku ya tatu, kushuka kwa njia ya upande wa pili, ili tusirudie tuliyokwisha kuyaona.

"Mwinuko huu utauweza?" aliniuliza, akiweka kidole mahali ambapo mistari ya ramani ilikuwa imebanana.

"Mimi? Yaulize magoti yako kwanza."

Akacheka. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka kwa jambo nililolisema mimi, na nilifurahi kupita kiasi, nikataka kumfanyia kitu. Ndipo nikapata wazo la kumshonea buti za kupandia mlima, kwa siri.

Hapa lazima nieleze jinsi tunavyofanya kazi. Kiatu hushonwa juu ya kalibu, yaani mguu wa mti uliochongwa kwa kipimo cha mwenye kiatu. Wateja wengi hutumia kalibu za kawaida, kwa namba. Lakini nilipokuwa namchumbia Mwalimu nilimpima mwenyewe, nikamchongea kalibu zake kwa mti mgumu, nikaandika herufi ya jina lake kisiginoni. Viatu vyote nilivyowahi kumshonea vilitoka hapo, kuanzia vile vya harusi yetu. Ni kweli kwamba miaka ya karibuni alikuwa haniombi viatu. Nilidhani vya zamani vinamtosha, kwa kuwa ni mtu asiye na makuu.

Nilishona kwa wiki tatu. Ngozi nene lakini laini, soli yenye meno, shingo ndefu ya kushika kifundo. Dada yangu alipita siku moja akanikuta nazo.

"Umempima?" aliuliza.

"Nimpime wa nini? Mguu wa mke wangu naujua."

"Uliujua mwaka gani?"

Nikamwambia aende zake akamsumbue mumewe, mimi nina kazi. Isitoshe, ningempima siri ingetoka.

Siku moja kabla ya safari, mchana, mabegi yakiwa tayari sebuleni, nilimwita chumbani nikampa boksi. Alilifungua, akazitazama buti muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye mshono, kisha akazinusa.

"Ni nzuri sana, Fundi. Kazi yako haina mfano."

"Vaa basi."

"Nitavaa kesho."

"Vaa nione. Wiki tatu nimekaa roho juu, mwenzio."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua malapa, akabaki na soksi. Mguu ukaingia nusu ukakwama. Nikapiga magoti, nikatia kijiko cha viatu kisiginoni, nikasukuma, huku nikimweleza kwamba ngozi mpya ndivyo ilivyo, italegea njiani. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Nilipoinua macho, alikuwa ameuma mdomo na machozi yanamtoka.

"Acha, Fundi. Tafadhali acha."

Nikavuta buti, nikavuta na soksi, kisha nikauona mguu wa mke wangu. Mfupa wa kando ya kidole gumba ulikuwa umetokeza nje kama ndimu, na kidole chenyewe kimelala juu ya mwenzake. Ngozi ya hapo ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kwa kusuguliwa.

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

Akainuka, akaenda mlangoni akichechemea, akarudi na viatu vyeusi vya kiume, vipana, namba arobaini na moja. Nilivijua. Vilikuwa vinakaa pale mlangoni, na kila asubuhi nilikuwa naviruka nikienda kazini. Nilidhani ni vya mkwe wetu, alivisahau alipokuja na binti yetu.

"Ni vyangu," alisema. "Nilinunua dukani. Mke wa fundi viatu nikaingia dukani kama mwizi, nikivizia nisionwe na jirani."

Nikakigeuza kimoja, na soli ikanionyesha mshono wangu mwenyewe. Masika iliyopita, mwenzake wa shuleni, mwalimu wa hesabu, aliniletea viatu hivyo karakana nivishone soli, akasema ni vya mtu anayefahamiana naye. Nilivigeuza nikamwambia, kwa majivuno yangu yote ya ufundi, kwamba mwenye viatu hivi anateseka. Anakanyagia ukingo wa nje ili kidole gumba kisiguse chini, na jioni lazima analia. Mwambie aje nimwone, nikasema, mguu kama huu haustahili kuachwa hivi. Nilimhurumia mtu huyo nisiyemjua. Nikamtilia sifongo laini ndani, jambo ambalo halikuagizwa.

"Alinipa ujumbe wako," Mwalimu alisema. "Alinipa mbele ya walimu wenzangu, nikaenda kulia chooni. Kumbe kuona unaweza. Ulisoma soli tu ukajua nalia jioni. Na jioni hizo nilikuwa chumba kimoja na wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka uone mwenyewe. Nimechechemea mbele yako miaka minne, Fundi, kutoka jikoni mpaka mezani. Mteja ungemwona akiwa bado ng'ambo ya barabara."

Nilitaka kujitetea. Nikamwambia haidhuru, avae hivyo hivyo vyake vya dukani, kesho basi linaondoka saa mbili na tuwahi. Mabegi yako tayari. Nilikuwa sijaahirisha kitu.

"Najua hukuahirisha," alisema. "Sharti umetimiza, na nilikuwa namwomba Mungu ulitimize. Nilijiambia, siku tatu bila nyundo masikioni, nikiwa natembea mbele yake, ataniona. Lakini nilikuwa nasubiri tena. Hata huko mlimani nilikuwa napanga kusubiri."

Akakunja soksi mapajani.

"Nitakwenda peke yangu. Kisha nitapitia kwa dada."

Sikupiga kelele. Nilimwomba kitu kimoja tu, anikubalie nimpime. Akanitazama, nikadhani atakataa, kisha akakaa tena kitandani na kuinyoosha miguu.

Nilikwenda karakana mbio nikaleta utepe, penseli na karatasi. Nilimchora wayo wa kulia, kisha wa kushoto, ambao ulikuwa na hali mbaya zaidi. Nilipima unene wa ule mfupa, urefu wa kila kidole, mahali panapouma na mahali pasipouma. Nilimuuliza hapa je, na hapa, naye akanijibu taratibu. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, mkono wangu ukiwa umeshika kisigino chake. Tangu nimchumbie sikuwahi kumshika mguu muda mrefu hivyo, na nililia bila kujificha, matone yakaharibu tarakimu mbili, ikabidi nizipime upya. Yeye alinifuta uso kwa kiganja, mara moja tu. Moyo ukaanza kunidanganya kwamba mambo yatatengemaa.

"Buti nyingine zitakuwa tayari baada ya wiki mbili," nilisema nikikunja karatasi. "Nitachonga kalibu mpya kabisa. Utapita mwenyewe kuzichukua?"

Alivaa soksi ya kulia, kisha ya kushoto, polepole kwa ajili ya kile kidole.

"Mpe mwalimu wa hesabu," alisema. "Yeye atanifikishia."